Sura ya Nne: Kima Chako cha Chini, na Kinachozidi Hapo

"Habari za leo. Logo unatengeneza bei gani?"

Dizaina yeyote wa Dar es Salaam, Arusha au Mombasa ameshapata ujumbe wa namna hii kwenye WhatsApp, na wengi hujibu papo hapo kwa kutaja namba. Elfu hamsini. Laki moja. Laki mbili, maongezi yapo. Namba inatajwa kabla kazi yenyewe haijajulikana: mteja hajasema kama logo ni ya kibanda cha juisi mtaani kwake au ni ya kampuni ya mabasi itakayoichora ubavuni mwa kila gari kwa miaka kumi ijayo. Na ikishatajwa, maongezi yote yatakayofuata yatakuwa ya kuishusha. Hakuna mteja atakayerudi kesho yake kusema kwamba amefikiri, ameona umejipunja, basi anakuongezea.

Mteja simlaumu. Ameuliza bei kama anavyouliza bei ya kitu chochote. Ninachotaka tukichunguze ni mahali namba ile inakotoka. Mbane mpigapicha, mfasiri, mchoraji au mwandishi wa matangazo akueleze amefikaje kwenye laki mbili, na mara nyingi utasikia mojawapo ya majibu haya: ndiyo bei ya mwenzangu, ndiyo aliyokubali mteja aliyepita, nilimtazama nikaona hana zaidi, niliogopa asije akaondoka. Majibu yote yanahusu watu wengine. Hakuna hata moja linalogusa maisha ya anayeifanya kazi: kodi yake ya nyumba, watoto wake, vifaa vyake, miaka aliyoitumia kujifunza. Kwa hiyo tuanzie upande huo ulioachwa, halafu tutarudi kwa mteja, kwa sababu naye ana sehemu yake katika bei.

Chukua daftari. Tuseme tunamhesabia mchoraji wa vitabu vya watoto anayeishi Tabata, chumba na sebule. Kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, ingawa mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Chakula 300,000. Nauli 80,000. Luku na maji 50,000. Bando 60,000. Shilingi 100,000 zinakwenda kwa wazazi kila mwezi, nazo ziandikwe bila haya, kwa kuwa zinatoka kila mwezi kama zinavyotoka za umeme. Matibabu 60,000. Kompyuta aliyoinunua kwa 1,800,000 itamfaa miaka mitatu, maana yake kila mwezi inakula 50,000 hata kama hazionekani zikitoka. Programu, rangi, karatasi na kalamu 40,000. Akiba ya uzeeni 60,000, kwani hana mwajiri wa kumchangia NSSF. Ukijumlisha unapata milioni moja kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Haya ni maisha ya kawaida kabisa ya mtu mzima mwenye ujuzi. Ada ya shule bado hatujaigusa.

Sasa hesabu siku, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwenye haraka atagawa milioni moja kwa siku 26 za kazi, atapata shilingi 38,000 na ushei, atasema akitoza 40,000 kwa siku amepona. Lakini siku 26 ni hesabu ya mwajiriwa, ambaye hulipwa hata siku ambayo kikao kimeahirishwa au umeme umekatika. Mchoraji wetu halipwi siku hizo. Katika siku 365 za mwaka ondoa Jumamosi na Jumapili 104, ondoa sikukuu za kitaifa na za dini, ondoa siku za homa, za misiba, za kwenda nyumbani mwisho wa mwaka. Utabaki na kama siku 220. Katika hizo 220, ni ngapi kuna mtu anayezilipia? Kuna siku ya kuandika pendekezo la kazi ambayo hutaipata. Kuna asubuhi nzima inayoliwa na foleni ya kwenda Posta kwenye kikao cha nusu saa. Kuna siku za kufuatilia malipo ya mwezi uliopita, za kujifunza programu mpya, za kupanga sampuli, za kukaa kimya Januari wakati wateja wote wamekwama kwenye ada. Mimi huhesabu nusu, yaani siku 110, na kwa mtu anayeanza hata nusu ni matumaini.

Milioni 12 ukizigawa kwa siku 110 unapata shilingi 109,000 na kidogo. Tuseme 110,000. Hicho ndicho kima cha chini cha mchoraji huyu kwa siku, na kinakaribia kuwa mara tatu ya kile alichokuwa anakidhani. Hakina faida ndani yake, hakina kiwanja cha Chanika, hakina hata harusi ya mdogo wake. Ni pale ambapo chini yake anaanza kudhoofika.

Nataka tubaki kidogo kwenye ile namba ya 40,000, kwa sababu nimeona mengi yakiharibika hapo. Akitoza 40,000 kwa siku na akapata siku 110 za kulipwa, mwaka mzima ataingiza milioni 4.4. Mahitaji yake ni milioni 12. Zile milioni 7.6 zinazopungua hazipotei hewani. Lazima kuna mtu anazilipa. Anazilipa mke wake muuguzi. Anazilipa kaka aliyeajiriwa ambaye kila mwezi anaombwa "nisukumie kidogo". Zinalipwa na mikopo ya kwenye simu, au na afya yake mwenyewe, anapokaa na jino bovu mwaka mzima. Kwa hiyo kampuni iliyopata picha kwa bei ya chini imefadhiliwa na familia moja ya Tabata, na pande zote mbili hazijui. Mchoraji anadhani ana bahati mbaya au hana kipaji cha biashara. Kampuni inadhani hiyo ndiyo bei halali ya kazi, na mwakani itaitumia kama kipimo cha kumshushia mwingine.

Kwenye kima hicho ongeza mambo mawili madogo ambayo huwakuta watu wakiwa hawajajiandaa. Kwanza kodi ya zuio: Tanzania na Kenya, taasisi ikimlipa mkazi kwa huduma ya kitaalamu kwa kawaida hukata asilimia 5 na kuipeleka mamlaka ya kodi. Kwenye ankara ya milioni moja utapokea 950,000. Ile 50,000 imelipwa kwa jina lako, basi dai cheti chake na ukitunze, kwani kitahitajika wakati wa kufunga hesabu zako za mwaka. Pili ni yale makato ya simu. Tumezoea kuambizana "tuma na ya kutolea" kwa jirani anayeturudishia elfu kumi, lakini mbele ya mteja tunaona aibu. Iandike kwenye ankara.

Kima cha siku ni chako, kikae kwenye daftari lako. Mteja usimpe. Ukimuuzia siku au saa, kila utakapoimarika utajiadhibu: picha iliyokuchukua siku tatu ulipoanza, leo unaimaliza kwa siku moja na ni nzuri zaidi, lakini bei yake imeshuka mara tatu. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa sanaa katika chuo kikuu cha Portland State huko Marekani, alichora alama ya kampuni ya viatu ya Nike akilipwa dola 2 kwa saa. Jumla ilikuwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa imekua sana, ilimwita ikampa pete na hisa, na inasemwa kwamba aliridhika. Namfurahia. Lakini ile hisani ilikuja kwa hiari ya waliotoa baada ya miaka kumi na miwili, na hakuna mtu anayeweza kupanga maisha yake kwa kungojea hisani. Mteja mpe bei ya kazi iliyokamilika; siku zihesabu mwenyewe nyuma ya pazia kuhakikisha kazi hiyo haijashuka chini ya kima.

Turudi kwa mchoraji wetu. Mchapishaji anataka picha 12 za kitabu cha hadithi. Akikadiria rasimu, rangi na marekebisho anaona siku 20. Siku 20 kwa 110,000 ni milioni 2.2. Je, hiyo ndiyo bei? Bado. Hiyo ni nusu ya kwanza ya swali: kazi inamgharimu nini yeye. Nusu ya pili ni ya mteja: atazifanyia nini picha hizo?

Kuna kisa ambacho kila msanii wa Afrika angepaswa kukijua kwa undani. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu aliyeitwa Solomon Linda aliingia studio ya kampuni ya Gallo na kundi lake la Original Evening Birds wakarekodi wimbo "Mbube". Linda alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo, akifungasha santuri. Wimbo ukapendwa sana Afrika Kusini. Mwaka 1952 alitia saini karatasi ya kuikabidhi Gallo haki za wimbo kwa shilingi 10. Kufikia hapo santuri ilikuwa imeshavuka bahari. Kundi la Weavers la Marekani lilikuwa limeupiga kwa jina la "Wimoweh", na mwaka 1961 kundi la Tokens likautoa kama "The Lion Sleeps Tonight", ukashika namba moja Marekani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 1994 wimbo huo ulisikika ndani ya filamu ya "The Lion King". Mwandishi Rian Malan alipoandika habari ya familia hiyo mwaka 2000, watu wakaanza kuuliza maswali. Kesi ikafunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 warithi wakafikia makubaliano ya kulipwa. Mawakili walisimama juu ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika himaya yake, ambayo ilitaka haki zirudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki huishia kwenye shilingi 10, kana kwamba kosa lilikuwa udogo wa fedha. Angepewa shilingi 100, au 1,000, dhuluma ingekuwa ileile. Karatasi ile haikuwa na mwisho: haikutaja nchi, wala miaka, wala filamu, wala lugha. Iliuza kila matumizi ambayo mtu yeyote angeweza kuyabuni hata baada ya mwenyewe kuzikwa, na matumizi yasiyojulikana hayawezi kupangiwa bei. Ndiyo maana bei ya kazi ya ubunifu lazima iende pamoja na mipaka. Mchoraji wetu aandike hivi: milioni 2.2 za kuzichora, na juu yake kiasi fulani cha kuzitumia katika chapa ya kwanza ya kitabu, nakala 3,000, kwa Kiswahili, ndani ya Tanzania. Kikichapwa tena, kuna malipo tena, au asilimia ya mauzo. Kikitafsiriwa, mazungumzo mapya. Kikiidhinishwa kuwa kitabu cha shule kikachapwa kwa maelfu, naye apate kwa maelfu hayo. Picha zikiwekwa kwenye mabegi, fulana au katuni za televisheni, hizo ni kazi nyingine na zina bei nyingine.

Sheria inakulinda, lakini haikulindi kote kwa namna moja. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliyozaa COSOTA, ofisi inayosimamia haki hizo. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kazi yako inalindwa tangu unapoiumba, hata kabla hujaisajili. Wenzetu wa Kenya wasome kwa makini kifungu cha 31 cha Sheria yao ya Hakimiliki ya mwaka 2001: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, labda muwe mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba mpigapicha wa Nairobi anayefanya kazi kwa maneno ya mdomo tu anaweza kuwa ameshauza kila kitu bila kutia saini popote. Sentensi moja kwenye ankara, iliyokubaliwa kabla ya kazi kuanza, inatosha kubadili hilo: hakimiliki inabaki kwa msanii, mteja amepewa ruhusa ya matumizi yaliyotajwa hapa.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zito. Mtu atasema: kwa hiyo kibanda cha juisi utakichorea logo kwa laki mbili na kampuni ya mabasi utaitoza milioni tatu kwa jasho lilelile? Hiyo si bei ya sura? Sote tunaichukia bei ya sura. Tumewahi kufika dukani tukatazamwa viatu na simu, kisha tukatajiwa namba iliyopandishwa palepale. Ni udhalimu kwa sababu kitu ni kilekile, matumizi ni yaleyale, na kilichobadilika ni muuzaji kukuona una fedha.

Bei ya matumizi ina msingi tofauti, na unaweza kuupima kwa swali moja: je, ninaweza kumweleza mteja sababu ya tofauti mbele ya mteja mwingine, naye akaikubali? Mwenye kibanda anaweka logo kwenye bango moja la bati. Mwenye mabasi anaiweka kwenye magari, tiketi, sare, matangazo ya redioni yanayotaja rangi zake, na siku moja ataiuza kampuni pamoja na jina na alama hiyo. Ukikosea kwa wa kwanza, mnafuta bango jioni moja. Ukikosea kwa wa pili, gharama ya kupaka upya magari inazidi ulichomtoza, ndiyo maana kwake utafanya utafiti zaidi, utajaribu zaidi, utakaa vikao zaidi. Mwenye kibanda akiwa amekaa pale anasikiliza, ataelewa. Lakini ikiwa sababu yako pekee ni kwamba bosi alishuka kwenye gari kubwa, basi hiyo ni bei ya sura, na hustahili kuitoza.

Kwa hiyo ule ujumbe wa WhatsApp ujibiwe kwa maswali. Logo ni ya biashara gani? Itakaa wapi na wapi? Nani ana neno la mwisho, wewe au kuna kamati? Unaihitaji lini? Umetenga kiasi gani? Swali la mwisho liulize bila woga. Wengi hujibu ukweli. Swali la kamati nalo lina thamani zaidi kuliko linavyoonekana. Kazi inayoidhinishwa na mtu mmoja na ile inayoidhinishwa na watu saba ni kazi mbili tofauti hata kama picha ni moja, kwa sababu kila mjumbe ataona ni wajibu wake kubadilisha rangi. Bei ijumuishe marekebisho mara mbili. Ya mara ya tatu yalipiwe. Waliowahi kuifanyia kazi kamati ya harusi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kianzio nacho si jambo la kuombwa kwa unyenyekevu. Fundi cherehani hakati kitambaa chako kabla hujaacha chochote mezani, na hujawahi kumwona ni mkorofi. Nusu kabla ya kuanza, nusu kabla ya kukabidhi mafaili ya mwisho. Taasisi kubwa zitakwambia mfumo wao unalipa baada ya siku 60 au 90. Wakati mwingine ni kweli, na afisa unayeongea naye hana uwezo wa kuubadili. Lakini kuisubiri ankara miezi mitatu ni kuwakopesha, wakati kodi yako ya nyumba haikopesheki. Iongezee bei kazi ya namna hiyo, na useme wazi kwamba wakilipa ndani ya siku 14 nyongeza inaondoka. Nimeona malipo yaliyokuwa "kwenye mfumo" yakitoka wiki ileile.

Vipi kuhusu ndugu, rafiki, msikiti, kanisa, shule uliyosoma? Toa. Jamii iliyokulea ina haki juu ya mikono yako, na sioni ubaya wowote wa kuchora bango la harambee bila malipo. Ila toa kwa hesabu. Andika ankara kamili, bei yako kamili, kisha mstari wa chini uandike punguzo na sababu yake, hata punguzo likiwa bei yote. Mjomba ataona kwamba amepewa laki nne, na atakapomwelekeza mwenzake kwako hatamwambia "huyu anafanya bure". Kampuni yenye bajeti ya matangazo inayokuahidi kwamba utajulikana haimo katika kundi hili. Kujulikana kwa bei ya bure huleta wateja wa bei ya bure, na mpiga rangi wa ofisi yao, mlinzi wa getini na mwenye ukumbi hawalipwi kwa kujulikana.

Tuzungumze pia sisi kwa sisi. Wapigapicha wanaokaa meza moja kila Ijumaa wanajua kamera ya kila mmoja ni ya aina gani, lakini hawajui mwenzao anatoza kiasi gani, na ukimya huo unamfaidi mnunuzi peke yake. Anayeanza leo akisikia kutoka kwa waliotangulia kwamba siku moja ya kazi ina kima chake, hataingia sokoni akidhani elfu thelathini ni bei. Si lazima tufanane bei. Mkongwe atatoza zaidi, wa Mwanza huenda akatoza tofauti na wa Masaki, kwani kodi zao hazilingani. Inatosha kila mmoja awe ameiona hesabu.

Limebaki lililo gumu kuliko yote, nalo ni mteja wa siku nyingi uliyeanza naye kwa bei ya kujipunja. Ni mtu mwema, analipa kwa wakati, na kila ukikaa na daftari unaona kazi yake iko chini ya kima chako. Usimpandishie katikati ya kazi. Mwandikie mapema, miezi miwili kabla, umtajie tarehe: kuanzia mwezi wa saba bei yangu itakuwa kiasi hiki, kazi zote tulizokwisha kukubaliana zitabaki kwa bei ya zamani. Mweleze sababu kwa sentensi moja au mbili, usijitetee kurasa nzima. Akisema hana uwezo, mpunguzie kazi kabla ya kupunguza bei: picha nane badala ya kumi na mbili, chapa moja badala ya mbili, mwaka mmoja wa matumizi badala ya mitatu. Wengine wataondoka. Siku walizokuwa wanazichukua zihamishie kwenye zile ulizokuwa ukizikosa za kutafuta mteja anayefika kwenye kima, na jina la aliyeondoka libakize kwenye simu yako, kwa sababu wengi wao hurudi baada ya kuzunguka.